Sikula Posa, Alikula Bosi

Kwa kuwa rafiki yangu, yaani bwana harusi mtarajiwa, ameona inafaa kurekodi ujumbe wa sauti na kuusambaza katika makundi yote ambayo mimi na yeye tumo, pamoja na lile la kwaya ambalo mimi simo, ninalazimika kueleza kilichotokea Jumamosi kabla maelezo yake hayajamfikia mama yangu. Rafiki yangu anadai mambo mawili: kwamba mshenga amekula posa, na kwamba mshenga amepeleka jino ukweni. La kwanza si kweli. La pili ni kweli, ila linahitaji ufafanuzi.

Wanaonifuata siku zote wanamfahamu Bosi, na picha ya kochi wamekwisha kuiona. Kwa faida ya wale waliofika hapa jana wakitokea kwenye huo ujumbe wa sauti, ambao ninawaona wakiingia kimyakimya, Bosi ni mbwa wa miezi mitano, wa rangi ya kahawia, mwenye sikio moja lililosimama na jingine ambalo bado halijaamua. Nilimchukua ili alinde nyumba, na hadi sasa ameilinda dhidi ya rimoti, ufagio wa chelewa, waya wa chaja, kona mbili za zulia, mguu wa stuli na kitabu nilimotunzia risiti za maji, hivi kwamba siwezi tena kuthibitisha kuwa nimewahi kulipa maji. Kuhusu kandambili, hutafuna za mguu wa kushoto peke yake. Nina kandambili za kulia za kutosha kufungua duka.

Majirani walinishauri kila mtu kwa imani yake. Mmoja alisema nimchape kwa gazeti, mwingine alisema nimfunge mnyororo kutwa nzima, na wa tatu, mama mmoja ninayemheshimu sana, aliniambia nipake pilipili kichaa kwenye miguu ya kochi. Nilipaka. Bosi alilamba mara moja, akapiga chafya, akanitazama kwa masikitiko, kisha akaenda kulala. Mimi nilijifikicha jicho. Yaliyofuata baada ya hapo yanahusu ndoo ya maji na kelele, nayo hayana umuhimu katika shauri hili.

Aliyenisaidia kwa kweli ni binti wa jirani anayesomea udaktari wa mifugo, na kwa mtu anayeishi Morogoro, mji wenye Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na madaktari wa wanyama kila mtaa, ilikuwa aibu kwamba nilianza na pilipili. Alimpanua Bosi mdomo, akanionyesha fizi zilizovimba na mapengo, akanieleza kwamba mbwa naye hung'oka meno ya utoto kama mtoto wa binadamu, kuanzia karibu mwezi wa nne hadi wa saba hivi, na kwamba katika kipindi hicho fizi humwasha kiasi cha kumfanya atafune chochote chenye ubishi. Kumchapa saa nzima baada ya tendo hakumfundishi kitu, kwa sababu hawezi kuunganisha fimbo ya sasa na kiatu cha asubuhi. Hujifunza tu kwamba ukirudi nyumbani wewe ni mtu wa kuogopwa. Mifupa iliyopikwa nayo nisimpe, maana hupasuka vipande vyenye ncha na kuweza kumtoboa utumbo. Nifanye mambo matatu: niondoe vya thamani mahali anapofika, nimchoshe kwa matembezi na michezo kabla sijamwacha peke yake, na nimpe kitu chake halali cha kutafuna. Nikimkuta na kisicho chake, nisimkimbize, kwa kuwa kukimbizana kwake ni mchezo. Nimwambie "achia" na kumpa kitu kitamu zaidi kwa kubadilishana.

Kitu halali alichonipendekezea kilikuwa cha gharama ndogo. Nichukue kitambaa, nikilowanishe, nikifunge mafundo, nikigandishe kwenye friji, kisha nimpe akitafune nikiwa namwangalia, kwa maana ubaridi hupoza fizi. Akaongeza kwamba kitambaa hicho kisifanane na nguo ninazotumia nyumbani, kwa sababu mbwa hajui tofauti kati ya soksi uliyomruhusu na soksi unayoipenda. Niliitikia kwa kichwa. Kisha nilikwenda kabatini nikachukua shuka jeupe kuukuu, nikalichana vipande, na kila kipande nikakipiga mafundo mawili.

Matokeo yalikuwa ya ajabu. Bosi aliliacha kochi. Kila aliponiletea furushi lake jeupe nilimwambia "safi sana, Bosi," nikalipokea, nikampa dagaa mmoja, nikamrudishia. Baada ya muda alianza kuyatafuta mwenyewe mafurushi meupe popote yalipo na kuniletea hadi kitandani, na mtakumbuka kwamba nilijigamba hapa hapa, kwa maneno ambayo baadhi yenu mmekwisha kuyapiga picha na kunitumia, kwamba kumlea mbwa ni suala la akili tu.

Sasa nije kwenye barua. Aliyeiandika ni baba mkubwa wa bwana harusi, mwalimu mstaafu mwenye mwandiko wa kupendeza, ambaye haamini kwamba posa inaweza kuchapwa kwa kompyuta. Aliiandika kwa biro, akaikunja, akaitia ndani ya bahasha pamoja na kishika uchumba cha shilingi laki mbili, noti mpya za elfu kumi kumi, akaigundisha kwa gundi. Kisha shangazi wa bwana harusi akaiviringisha bahasha hiyo katika kitambaa alichokidarizi kwa mkono wake. Kitambaa kilikuwa cheupe. Alikifunga kwa mafundo mawili.

Ninawaomba msikimbilie kuandika maoni, hatujafika.

Kwa kuwa mimi ndiye mshenga, na kwa kuwa ninaishi karibu na stendi ya Msamvu ambako tungepanda basi alfajiri, iliamuliwa kwamba barua ilale kwangu. Niliipokea kwa mikono miwili, nikaapa kuitunza, nikaiweka mezani, juu kabisa ya vitabu. Kiti sikukisukuma ndani.

Saa kumi alfajiri nilipoamka, Bosi alikuwa ameketi kando ya kitanda, mgongo umenyooka, mkia ukifagia sakafu, na mdomoni ameshika furushi jeupe lenye mafundo mawili na maua ya kudarizi. Hakuwa na dalili yoyote ya hatia. Alikuwa na sura ya mfanyakazi anayesubiri ujira. Nikasema "achia," kwa sauti ambayo haikuwa yangu, naye akaachia papo hapo, bila ubishi, kwa utii ambao mwalimu yeyote wa mbwa angeutolea cheti. Na mimi, kwa mazoea, kabla akili haijaamka sawasawa, nilinyoosha mkono kwenye kopo nikampa dagaa wake.

Furushi lilikuwa zima kwa kulitazama. Lilikuwa limelowa upande mmoja, laini kidogo, na lenye tundu dogo ambalo fundo lilikuwa likilificha vizuri. Ninajua mnachotaka kuniuliza: kwa nini sikufungua nikaangalia? Sikufungua kwa sababu barua ya posa hufunguliwa na wenyeji, na mshenga anayefungua barua njiani hana tofauti na mpokea rushwa. Basi nikaamua kulishughulikia kwa nje. Nikachomeka pasi. Nikalipiga pasi furushi zima, pande zote, taratibu, mvuke ukipanda wenye harufu ya mbwa aliyenyeshewa, na nikiwa katika kazi hiyo pasi iligonga kitu kidogo kigumu upande ule laini. Nikadhani ni sarafu. Baba Mkubwa ni mtu wa ishara na mafumbo, na sikuona ajabu akiweka sarafu kama alama ya baraka. Nikamalizia kwa marashi, mengi.

Safari ya kwenda Korogwe ilikuwa njema. Tulipita Chalinze kunakucha, na tulipofika Segera shangazi wa bwana harusi, aliyekuwa ameketi nami na ule mkoba, alinunua machungwa, akamenya moja, akanusa hewa, akaniuliza, "Mwanangu, wewe unafuga?" Nikamjibu, "Ndiyo, shangazi." Akasema, "Mh." Hakusema kitu kingine hadi Korogwe.

Tulipokewa kwa heshima kubwa. Sebule ilikuwa imepangwa viti pande zote, meza ya kioo katikati, na juu yake sinia lenye kitambaa. Upande wa wenyeji walikuwapo babu mzaa baba wa binti, baba zake wadogo wawili, shangazi yake mkubwa, na kinamama waliokaa karibu na mlango wa ndani, ambako pazia lilikuwa likitikisika kwa namna iliyoonyesha kwamba binti mwenyewe na wenzake walikuwa nyuma yake. Upande wetu tulikuwa Baba Mkubwa, shangazi, na mimi mwenye suti. Nilisema maneno yangu vizuri, na ninataka hilo liingie kwenye kumbukumbu. Nilisema kwamba tumepita njia, tukaona ua katika bustani yao, na kijana wetu tangu hapo hali wala halali. Wenyeji waliguna kwa kuridhika. Nikaliweka furushi kwenye sinia kwa mikono miwili, nikarudi kuketi, nikakunja mguu mmoja juu ya mwingine.

Baba mdogo wa binti ndiye aliyeteuliwa kusoma. Ni mtu mnene, wa sauti nzito, asiye na haraka. Alilivuta sinia. Alifungua fundo la kwanza. Akasita, akanusa vidole vyake, akafungua la pili. Akakunjua kitambaa kona ya kwanza, kona ya pili, kona ya tatu, na kila kona ilipofunguka shangazi yetu alikuwa akitabasamu kwa sababu maua aliyoyadarizi yalikuwa yakionekana. Kona ya nne haikuwapo. Palipokuwa na kona ya nne palikuwa na nyuzi.

Bahasha ikatoka. Upande wake wa kushoto ulikuwa bahasha. Upande wa kulia ulikuwa kitu kilichowahi kuwa bahasha, kilichokauka kwa joto la pasi na kushikamana, chenye matundu madogo yaliyopangana vizuri kwa safu. Baba mdogo aliitazama bahasha. Akanitazama mimi. Akaitazama tena bahasha. Hapo ndipo nilipoijua nguvu ya adabu katika mila zetu, kwa kuwa watu zaidi ya kumi waliona walichokiona na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo. Baba mdogo alikohoa, akaichana bahasha pale palipobaki, akaitoa barua, akainyoosha magotini kwa kiganja, akavaa miwani. Barua ilikuwa imepoteza ukingo wote wa kulia, kila mstari ukipungukiwa na neno lake la mwisho, na kwa bahati ambayo siwezi kuieleza hadi leo, Baba Mkubwa alikuwa amemalizia mistari yake mingi kwa neno la kukanusha.

Mtu mwingine angeacha kusoma. Yeye alikuwa ameteuliwa kusoma, na alisoma kilichokuwapo, kwa sauti ile nzito, akisimama kwa heshima kila alipofika kwenye pengo.

"Kijana wetu ni mcha Mungu, na…" Akasimama. "Mlevi, si mvivu, na tangu azaliwe…" Akasimama. "Kumpiga mtu."

Pazia lilitikisika.

"Ana kazi halali na…" Akaisogeza barua karibu na macho. "Deni kwa mtu yeyote. Tunaahidi mbele za Mungu kwamba kwetu binti yenu…" Hapa alisimama kwa muda mrefu zaidi, akaigeuza karatasi kuona kama neno limeandikwa nyuma. "Chakula na mavazi, wala…" Akavua miwani.

Baba Mkubwa alikuwa amefumba macho. Midomo yake ilikuwa ikitembea. Nadhani alikuwa akirudia kimoyomoyo maneno yaliyokosekana, neno kwa neno, katika mwandiko wake mzuri. Mimi nilikuwa nimekwisha kuushusha ule mguu.

Ikaja zamu ya kishika uchumba. Shangazi wa binti alipokea noti zilizoshikana kwa ukingo wake mmoja, akajaribu kuzitenganisha kwa kucha, moja baada ya nyingine, akizipanga juu ya meza ya kioo. Kila mtu anajua kwamba noti yetu ya elfu kumi ina kichwa cha tembo. Tembo hawa walikuwa na upungufu. Wapo waliokosa sikio, wapo waliobakiwa na jicho na pembe, na wa mwisho alikuwa karatasi nyekundu tu, isiyo na mnyama wa aina yoyote. Shangazi alihesabu kwa sauti hadi kumi na nne, akafika mahali pa kujiuliza kama nusu mbili zisizofanana zinahesabika kuwa moja, akaamua kuipindua bahasha na kuikung'uta, kwa kuwa huenda vipande vingine vilibaki ndani.

Kilichodondoka kiligonga kioo, kikaruka, kikagonga tena, kikazunguka, kikatulia katikati ya meza mbele ya babu. Kilikuwa kidogo, cheupe, chenye ncha.

Sitaki kuwadanganya, ndugu zangu: hata mimi, ambaye nilikuwa na taarifa zote za kuniwezesha kukitambua, nilichukua muda. Kwanza nilishangaa kwamba sarafu ni nyembamba hivyo. Kisha nikakiona kwa ukamilifu wake, na damu yote ikanishuka miguuni. Shangazi wa binti ndiye aliyelisema.

"Jino."

Halafu akalisema tena, sasa kwa sauti ya kuufikia uwanja wa nyuma: "Wametuletea jino! Ndani ya barua ya mtoto wetu wameweka jino!" Akasukuma kiti nyuma. Mama mmoja pale mlangoni akatamka "Shindwa!" na mwenzake akaitikia. Baba mdogo akaiachia barua ikaanguka, kisha akaipangusa mikono yake kwenye suruali. Shangazi yetu, ambaye nilitarajia atatutetea kama upande wetu, alinigeukia akaniuliza mbele ya wote, "Mwanangu, umeweka nini humu?" Nami nilikuwa nimefungua mdomo bila kutoa neno, hali ambayo, nimeambiwa baadaye, iliwapa baadhi ya watu nafasi ya kuhesabu kama meno yangu yametimia.

Babu pekee ndiye ambaye hakuondoka mahali pake. Aliinama, akaliokota lile jino kwa vidole viwili, akaliweka kiganjani, akalielekeza kwenye mwanga wa dirisha.

"Kijana," akasema, "hili jino ni la nani?"

"Ni la Bosi, babu."

"Bosi wako wa kazini?"

Nyuma ya pazia kitu kilianguka, na mtu akakimbia kuelekea jikoni. Sasa ninafahamu kwamba alikuwa binti mwenyewe, anakwenda kumpigia simu mchumba wake, na kwamba huo ndio wakati ujumbe wa sauti mnaousambaza ulipozaliwa. Ndiyo maana una habari ya jino lakini hauna habari ya mbwa.

"Ni mbwa wangu, babu. Anaitwa Bosi."

"Ana miezi mingapi?"

"Mitano, babu."

Babu akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ikabainika, kwa rehema ambayo sikuistahili, kwamba mzee huyu alikuwa bwana mifugo katika utumishi wake wote, amechanja ng'ombe na mbwa wilaya nzima, na tangu astaafu hakuna mtu aliyekuwa amemletea jino. Aliwageukia ndugu zake waliokuwa wamesimama ukutani, akaanza kuwafundisha. Hili, alisema, ni chonge la utoto. Mtoto wa mbwa huota meno 28 ya utoto, huyapoteza yote na kuota 42 ya ukubwa, na kwa kuwa mengi huyameza akiwa anakula au anacheza, mwenye mbwa aghalabu hayaoni. "Kuliona chonge zima namna hii ni bahati," alisema, akimpitishia shangazi wa binti ili naye alitazame. Shangazi hakulipokea. Hakuwa na uso wa mtu aliyebahatika.

"Amechanjwa kichaa cha mbwa?"

"Amechanjwa akiwa na miezi mitatu, babu. Cheti ninacho."

"Kiko wapi?"

"Nyumbani, babu, juu ya kabati."

"Kizima?"

Hapo Baba Mkubwa alifungua macho kwa mara ya kwanza na kunitazama, na ningependa tafadhali nisiulizwe namna alivyonitazama.

"Ulipomkuta na barua ulifanyaje? Ulimpiga?"

"Hapana, babu. Nilimwambia aachie, akaachia. Nikampa dagaa."

"Vizuri sana," akasema babu.

"Amempa dagaa!" akasema shangazi yetu, akiuambia ukuta, na neno hilo likapita kutoka kiti hadi kiti, dagaa, dagaa, mpaka likafika kwenye pazia. Ninaweza kuvumilia mengi katika huo ujumbe wa sauti, lakini pale rafiki yangu, ambaye sasa amekwisha kusikia na habari ya mbwa, anaposema kwamba mshenga "alimpongeza mbwa kwa kitoweo" ninaona amevuka mpaka, ingawa siwezi kuonyesha neno lisilo sahihi.

Babu alikuwa na swali moja la mwisho, na aliliuliza kwa upole wa daktari anayekaribia kujua ugonjwa. "Huyu mbwa umemzoesha kutafuna kitu gani?"

Ningeweza kusema kamba. Ningeweza kusema mpira. Watu wote walikuwa kimya, hata jikoni.

"Kitambaa cheupe, babu," nikasema. "Chenye mafundo mawili."

Macho yote yalihama kutoka kwangu hadi kwenye sinia, kwenye kile kitambaa cheupe chenye kona tatu, kisha yakarudi kwangu. Aliyeanza kucheka ni baba mdogo, yule msomaji; alicheka kwa sauti ileile nzito, bila haraka, akajaribu kujizuia kwa kurudia "na… mlevi, si mvivu," akashindwa kabisa, akatoka nje. Walimfuata wengine. Shangazi yetu alicheka huku akilia kitambaa chake.

Mengine yalikwenda upesi. Baba Mkubwa alisimama akaisoma barua yote kutoka kichwani, na kijana wetu akarudi kuwa mtu asiyelewa, asiyepiga wala kudaiwa, laki mbili nyingine zilitumwa kwa simu kutoka kwangu, nilipigwa faini ya mbuzi kwa kudhalilisha sinia, tukala pilau, ambayo mimi sikuionja ladha yake, tukarudi. Benki ilinibadilishia zile noti ambazo sehemu kubwa ilisalia, na zile ambazo sehemu kubwa ilibaki kwa Bosi ilinirudishia. Karani aliniuliza zimeharibiwa na nini, nikasema maji.

Bosi mwenyewe hajaonyesha dalili ya kuumwa tumbo, na nilimchunguza kwa bidii, kwa njia ambayo mtu anayetafuta mabaki ya noti humchunguza mbwa. Mafurushi meupe nimeyachoma. Sasa ana pete ya mpira mgumu ya rangi ya bluu na karoti baridi kutoka kwenye friji, na usiku hulala kwenye chumba cha nyuma ambamo hamna kitu cha kutafuna isipokuwa mlango. Babu amenionya kwa simu nisidhani mambo yataisha meno mapya yatakapotoka, kwa kuwa mbwa kijana asiye na kazi huendelea kujitafutia kazi hadi apite mwaka mmoja na zaidi. Hunipigia kila jioni kuuliza kama chonge la pili limeshang'oka.

Majibu ya posa yamefika leo mchana kwa basi. Yamekubali, na nawapongeza wote wanaohusika, hata huyo mtangazaji wenu. Barua ilikuwa ndani ya kopo la bati la maziwa ya unga lililofungwa kwa waya, na juu ya kifuniko babu ameandika kwa kalamu nene, MSHENGA ASIFUNGUE, MBWA VILEVILE. Orodha ya mahari ina vipengele vya kawaida, ila cha mwisho kinadai mbuzi wa faini, dume, apelekwe Korogwe na mshenga mwenyewe kabla ya mwisho wa mwezi, akiwa na masikio yote mawili. Mwenye kujua bei ya mbuzi maeneo ya Korogwe kwa sasa anijulishe, na ninaomba asiwepo mtu wa kunijibu kwa picha ya dagaa.